Kilo Mbili za Sukari

Domitila alikuwa na genge la sukari, chumvi na mafuta ya taa nje kidogo ya Bariadi, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na duka la ushirika likabakia na panya. Alijua kuwatoa watu hofu ya bei. Blanketi la mtumba? "Hela ya sabuni miche mitatu." Nauli ya Mwanza? "Mafuta ya taa ya mwezi, basi." Watu walicheka, wakafungua pochi.

Asubuhi moja ya mwaka 1995 alikuja jirani yake Evalina, mgongoni kambeba bintiye wa miaka mitatu, Maximiliana. Mtoto alikuwa anachemka kwa homa.

"Mwangaluka mayu," Evalina alisalimu kwa Kisukuma. "Nasikia siku hizi hospitali tunachangia. Ni kiasi gani?"

Domitila alikuwa anampimia mteja chumvi. Hakugeuka. "Usiogope. Hela ya kilo mbili za sukari tu."

Evalina alishukuru, akasimama kidogo nyuma yake, kisha akaenda kuuza kuku wake apate hela hiyo. Kesho yake mchana mtoto alizikwa.

Matanga yalipokwisha, Evalina alirudi pale gengeni.

"Mama, kilo uliyosema ni shilingi ngapi?"

"Mia tano," Domitila alijibu.

"Mimi kilo nzima nilinunua mara ya mwisho pale ushirika. Siku hizi nanunua ya kijiko. Nikakisia imepanda kidogo, nikabeba mia nne. Dirishani pale hospitali wakataja elfu moja. Niliona haya kusema sina, nikaaga kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alinifia mgongoni njiani, hata sikujua ni saa ngapi."

Alisema hayo kwa upole, kama anayeuliza njia.

Tangu siku hiyo, kila mama aliyepita na mtoto mgongoni, Domitila aliacha alichoshika akasikiliza kama mtoto anapumua. Wiki moja alifunga genge, akaenda hospitali, akasimama dirishani akiuliza bei moja baada ya nyingine: kadi, sindano, kitanda. Karani akamtazama. "Kwani mama unaumwa nini?" Domitila akashukuru, akaondoka. Akarudi, akawa anawatajia watu zile bei kwa shilingi hata wasipouliza, mpaka wengine wakaanza kumkwepa.

Msimu wa pamba, wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao, Evalina aliuza vizuri. Alipopita, Domitila alimshika mkono. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyemuua mwanao."

"Hapana. Hata mimi nilipaswa kuuliza vizuri," Evalina alisema. "Nilikuona una wateja, nikaogopa utaniona mshamba."

Aliutoa mkono wake taratibu, akaenda zake. Domitila alibaki amesimama juani. Yale maneno ya huruma yalimuingia vibaya kuliko matusi, maana sasa alijua kwamba siku ile Evalina alisimama nyuma yake, akisubiri ageuke.