Mwanamke Aliyefunga Siku Zote Thelathini

Kosa langu la pili katika kazi hii lilikuwa kumpongeza mgonjwa.

Nilikuwa afisa tabibu mpya mjini Koboko, nikiishi peke yangu kwenye nyumba ya wafanyakazi. Siku ya kwanza aliletwa Zaitun kutoka kijiji cha Lurujo, mimba imeharibika na mabaki hayajatoka. Nilimsafisha kizazi kwa kijiko cha chuma. Kazi ilikwisha, moyo haukutulia. Mimi ni mtu wa kufunga mlango kisha kurudi kuutikisa mara tatu. Nikakwangua tena, na tena.

Miezi ikapita. Baada ya Idi akaja kunisalimu.

"Daktari, mwaka huu mimi nilifunga siku yote thelathini. Hakuna siku iko ya kulipa."

"Mashallah! Hongera, dada."

Akanitazama kidogo, kama anayengoja swali. Sikuuliza.

Nimekulia mtaa wa Oli na dada watatu. Kila mwaka baada ya Ramadhani wao hulipa siku walizokula kwa sababu ya hedhi. Nilijua hayo. Lakini masikio yangu yalitaka sifa tu.

Baada ya wiki chache alirudi ameshika tumbo. Linauma kila mwezi, alisema, na damu haitoki. Mimba hakuna. Mama mkwe anasema mtu amemfunga kizazi, na mwanawe ataoa mwingine. Ultrasaundi, niliyojifunza mwenyewe kwa video za simu, ilionyesha utando wa ndani ya kizazi mwembamba, umekatika-katika. Sikuwa na mwenzangu wa kumwuliza. Nilisoma peke yangu mpaka nikaelewa: kizazi kikikwanguliwa sana hupata makovu, na kuta zake hushikana.

Ningeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshamwangukia mchawi.

"Dada," nilimwambia kesho yake, "hakuna mtu alikufunga. Ni mkono wangu."

"Hiyo maneno utasema mbele ya mama mkwe."

Nilikwenda Lurujo, nikasema. Yule mama alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Kumbe mchawi iko na koti nyeupe."

Lakini aliniruhusu nimpeleke Zaitun hospitali ya Arua. Huko daktari bingwa wa wanawake alipitisha kamera nyembamba kwenye mlango wa kizazi, akanionyesha makovu kwenye skrini, akayakata kwa mkasi mdogo. Akaacha kipira ndani kwa siku chache ili kuta zisishikane tena, akaandika vidonge vya homoni.

"Wewe kijana, ulikuwa unasugua sufuria?"

"Nilitaka iwe safi, Mzee."

"Ilikuwa safi mara ya kwanza."

Ramadhani iliyofuata simu yangu ililia, ni Zaitun.

"Daktari, leo mimi nakula mchana." Akakata.

Nilibaki nimeishika simu, chumbani hamna wa kumwambia. Mtoto bado hajapatikana. Mumewe hajaoa mwingine.

Ninyi mnaoanza kazi hii, hiki ndicho kilichobadilika: natumia pampu ya mkono ya kufyonza, kijiko nimekiweka kabatini. Nikimaliza, naacha. Na kila niliyemsafisha namwita baada ya wiki sita, namwuliza kama hedhi imerudi.