Ngoma Iliyoingia Uwanjani Bila Mpigaji

Nilitumwa Gisenyi kwenda kujifunza haki. Sitanii, ndivyo ilivyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao cha tawi letu la mashabiki hapa Ngara. Msimu uliopita tiketi za mechi kubwa zilipoletwa tawini, wakwe wa mwenyekiti walikwenda wote, hata yule ambaye mpaka leo anauliza kwa nini kipa anaruhusiwa kudaka. Baada ya makelele ya wiki nzima, kamati ikaamua tutafute mfumo usiojua mkwe wala shemeji. Binamu yangu Deo, aliyezaliwa huku kwetu kabla ya wazazi wake kurejea Rwanda, ni katibu wa kundi la mashabiki la Gisenyi liitwalo Sauti ya Ziwa, na alikuwa ametutambia kwenye simu kwamba wao wanagawa tiketi kwa alama za uaminifu. Kamati ikasema wewe ni mwandishi wetu, una ndugu kule, una hati ya kusafiria, nenda.

Ijumaa alfajiri nilivuka mpaka wa Rusumo, na kabla ya saa tano nilikuwa Kigali nikitafuta basi la kwenda magharibi. Deo alinitumia kanuni za mfumo kwenye simu ili nizisome njiani. Mechi ya nyumbani alama kumi, ya ugenini ishirini, kununua jezi mpya thelathini, kulipa ada mapema arobaini. Nikaona kwamba mtu aliyenunua jezi akabaki nyumbani amemzidi uaminifu aliyesafiri na timu. Niliandika hilo kwenye daftari langu chini ya kichwa cha mambo ya kuuliza. Basi lilipopita Kanama, baridi ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye soksi, na kando ya barabara magunia ya viazi yalikuwa yamepangwa yakisubiri magari. Nikafunga daftari, na swali lile sikuliuliza hadi leo.

Saa tisa alasiri niliteremka Gisenyi. Deo ana duka la simu karibu na soko, na ukutani, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi, ametundika orodha ya wanachama kuanzia mwenye alama nyingi hadi asiye na kitu. Kesho yake timu ya mji ilikuwa na mechi ya mwisho wa msimu, ikihitaji angalau sare ili isishuke daraja. Tiketi zote ziligawiwa kufuata orodha ile, na zilikuwa zimekwisha kabla ya kufika katikati. Kwa mechi hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila tiketi, hata kwa geti la magari.

"Mfumo hauna ndugu," Deo aliniambia kwa fahari. "Huo ndio uzuri wake."

Kisha akanipa tiketi. Nilipomkumbusha kwamba mimi sina alama hata moja, akanieleza kuwa kuna kundi la wageni wa mafunzo. Nadhani kundi hilo lilianzishwa nilipokuwa nashuka kwenye basi.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Madame Espe, mfanyabiashara wa vitenge. Aliingia dukani tukiwa bado tunanywa chai, nikapata bahati ya kumwona shabiki mwaminifu kuliko wote wa mji ule. Kila mechi hununua tiketi tano, yake na za wafanyakazi wake wanne, zote zikihesabiwa kwenye simu yake, na jezi huwanunulia kama sare ya kazi. Nikamuuliza anampenda mchezaji gani.

"Mi siwajue majina," alisema bila aibu. "Lakini kile kiti ya mbele iko muzuri, haina upepo."

Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Aliambiwa uaminifu unanunuliwa, akanunua.

Alipotoka akaingia Selestini. Ni mwanamume wa makamo anayeshusha maziwa kutoka Mudende kwa baiskeli, na ndiye mpiga ngoma wa Sauti ya Ziwa tangu kundi lilipoanzishwa. Deo mwenyewe alikuwa ameniambia hivyo nusu saa kabla, kwa sifa nyingi. Selestini alivua kofia, akaomba tu aonyeshwe jina lake kwenye orodha. Deo alishuka na kidole mpaka chini kabisa, karibu na swichi ya taa. Sifuri.

"Bon, Katibu, ngoma haipite mu mulango mudogo," Selestini alisema taratibu. "Mi ninaingiaka na ngoma kwa geti ya magari, asubuhi, mbele ya watu wote. Kila match. Donc mashine itaniona wapi?"

Deo alimweleza kwa upole kwamba mashine imefungwa kwenye mlango mdogo na inaona simu iliyopita mbele yake tu. Akimwongezea alama kwa mkono, kesho kila mtu atautaka mkono huo. Jibu lile lilinipendeza sana, nasikitika kusema, na niliandika neno kwa neno kwa ajili ya kamati.

"Sasa ile miaka yote nilikuwa wapi?" Selestini akauliza.

Deo akamjibu kwamba kwa mujibu wa mfumo, hakuwepo. Hakuwa akimdhihaki, alisoma kilichoandikwa. Mimi nikajikaza nikasema basi achukue tiketi yangu. Deo akasema haiwezekani, tiketi imefungwa na jina na namba ya simu. Nikasikitika kwa sauti, na moyoni nikafurahi kwamba bado nitaiona mechi.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye geti la magari. Mlinzi alikuwa na orodha ya vifaa: mipira, bendera, spika, ngoma moja. Selestini alikuwa ameileta ngoma juu ya baiskeli, akiwa ameifuta vumbi na kukaza kamba zake. Mlinzi akapitisha kalamu kwenye karatasi, akasema ngoma ipo, mtu hayupo. Selestini akatusaidia kuipandisha kwenye gari la Deo, akaisogeza isije ikagonga bodi, kisha akarudi nyuma. Ngoma ikaingia uwanjani kwa heshima zote, na mpigaji akabaki ameshika usukani wa baiskeli.

Saa tisa mechi ilianza. Nilikuwa nimekaa jukwaani karibu na ngoma. Madame Espe alikuwa mbele, mahali pasipo na upepo, na pembeni yake viti vinne vilikuwa vitupu, kwa kuwa Jumamosi duka lina wateja wengi na wafanyakazi wamebaki kuuza. Kwenye kimoja aliweka mkoba. Niliviangalia viti vile zaidi ya nilivyoangalia mpira. Nikamgusa Deo nikamwonyesha, akasema vina wenyewe.

Watu walianza kuuliza mbona kimya. Heshima ya kupiga ngoma ikapelekwa kwanza kwa mwenye alama nyingi, Madame Espe, ambaye alitazama kucha zake na kukataa. Ikaja kwa mgeni wa mafunzo. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Wimbo wa kwanza ulianza sehemu tatu tofauti za jukwaa na kufia katikati. Wa pili walianza kuuimba wakageuka kunitazama. Kuanzia hapo walipiga makofi tu, kila mtu kwa wakati wake, na mimi nikaendelea kutwanga kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Timu ilipata sare ya bao moja kwa moja na haikushuka daraja. Deo akanikumbatia, akasema nimeona mwenyewe jinsi mfumo unavyofanya kazi.

Baada ya mechi tulimkuta Selestini pale pale getini akisubiri ngoma yake. Aliuliza ni nani aliyekuwa akiipiga. Deo akapata ghafla ujumbe wa kusoma kwenye simu. Nikasema ni mimi.

Alinishika mkono, akaugeuza akatazama kiganja kilichokuwa chekundu.

"Ulibakia katikati tu," alisema. "Katikati ni ya kuanzisha wimbo. Wimbo ikianza, unaenda pembeni, polepole, ndiyo watu wanakufwata. Nilitaka kukuambia, lakini ukuta iko murefu."

Hakunilaumu kwa neno lolote, na kama angenilaumu ningejisikia nafuu. Aliifunga ngoma kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma kupanda mlima. Simu yangu ikalia mfukoni. Sauti ya Ziwa walikuwa wananipongeza kwa alama thelathini, kumi za mechi na ishirini za kutoka mbali.

Jumatatu asubuhi niliondoka na ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Nyundo. Njia nzima niliandika ripoti. Nilipendekeza kwamba kabla ya kumpa mtu alama, tukae tuandike majina ya wote wanaoingia uwanjani bila tiketi kwa sababu wanafanya kazi yetu. Kamati ilisema ni wazo zuri na litaangaliwa, kisha ikapitisha mfumo wa Gisenyi kama ulivyo, kwa makofi. Wakwe wa mwenyekiti wameshanunua jezi.

Nilimwandikia Deo nikimwomba azihamishe alama zangu thelathini kwa Selestini. Akajibu kwamba mfumo hauruhusu kuhamisha, ila kwa moyo huo niliouonyesha ameniongezea tano.

Msimu mpya ulipoanza aliniandikia tena, akiwa na furaha. Selestini amejisajili, Jumapili amepita mlango mdogo na simu yake mkononi kama wenzake, na sasa ana alama kumi. Nikamuuliza, na ngoma je? Akasema ipo stoo, imefunikwa vizuri, na siku hizi nyimbo wanazifungulia kwenye spika.