Mkono Uliozoea Kulia

Kwa miaka ishirini na sita fundi huyu alikuwa akikata na kushona makoti, na kosa kubwa alilifanya mara moja tu: alikunja kitambaa vibaya, akakata mikono kumi na miwili ya makoti, yote ya kushoto. Hakuwa mgeni wa kazi. Mkono ulikwenda ulikozoea kwenda, naye macho kodo.

Ndiyo maana asubuhi ya upasuaji kilichomkausha mate hakikuwa kisu. Picha zilionyesha kwamba viungo vyake vya ndani vimepangwa kama vinavyoonekana kwenye kioo: moyo kulia, ini kushoto, na kifuko cha nyongo, kilichojaa vijiwe, kushoto pia.

"Hata tumboni ulikatwa kinyume, dada," mdogo wake alimtania.

"Usinichekeshe, panauma."

Muuguzi akaingia na kalamu ya wino. Akafunua gauni na, huku akimuuliza alivyolala, akachora mshale. Upande wa kulia.

Fundi akautazama.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "hapo hapana cha kutoa."

Muuguzi akaufuta mshale kwa spiriti, akaenda kumwita daktari mpasuaji.

Daktari alivuta kiti. "Mama, nimetoa nyongo zaidi ya mia tano, zote kulia. Sikufichi, hii yako ni ya kwanza."

"Kichwa chako sikiogopi, daktari. Naogopa mkono." Akamsimulia ile mikono kumi na miwili ya makoti.

"Baada ya hapo ukafanyaje?"

"Sikati tena peke yangu. Naandika upande kwa chaki, mwenzangu anausoma kwa sauti, namjibu, ndipo nashika mkasi."

Daktari akachukua kalamu, akachora mshale mwenyewe, kushoto.

Katika chumba cha upasuaji skrini ilikuwa imehamishiwa upande wa pili, na daktari alisimama upande ambao, kwa kauli yake, hakuwahi kusimama. Hilo halikumtuliza fundi. Moyo ulimdunda kuliani mwa kifua. Dawa ya usingizi ilipoanza kumchukua, alimsikia muuguzi yule yule akisoma kwa sauti:

"Kushoto."

"Kushoto," daktari akajibu.

Alipozinduka, kabla ya kufumbua macho, alipapasa. Kulia, ngozi tupu. Kushoto, plasta. Akapapasa tena, na tena, maana sasa hata vidole vyake mwenyewe hakuviamini.