Swali la Camille Juu ya Jiwe la Shinkolobwe

Mwaka ule wa 1976 majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali ya Zaïre, kwa hiyo darasani mwalimu wetu wa jiografia aliitwa citoyenne Ngoie, yaani raia Ngoie. Nje ya lango la shule, mtaa mzima hapa Likasi ulimwita Mama Henriette, kama alivyoitwa tangu utotoni, na hakuna aliyeweza kuzuia midomo ya mtaa mzima. Alikuwa binti wa mvunja mawe wa Kakontwe, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Hakutupiga hata siku moja, lakini jicho lake lilimfanya mtu aketi wima. Mimi nilikuwa katika darasa lake la wasichana. Ninayoyasema niliyaona, na hasira iliyoniingia siku zile haijanitoka.

Kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja kwa benchi la watu watatu, kilichapwa Ulaya kabla hatujazaliwa. Habari za mabamba ya dunia hazikuwamo. Mama Henriette alizisoma mahali pengine, kwa mapadri, akaona ni haki yetu kuzijua. Asubuhi moja aliingia na mbabula, jiko dogo lenye makaa, na sufuria ya uji mzito uliokwisha kupoa na kushika utando juu. Akaiweka sufuria motoni mbele ya ubao, akatuita tuizunguke. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa, ila akitaka jambo lituingie aligeukia Kiswahili cha nyumbani.

“Muangalie,” alisema. “Dunia nayo iko vile. Juu iko ganda, na ile ganda ilivunjika bipande-bipande. Ile bipande njo mabamba. Chini iko moto, na mabamba inatembea, polepole sawa vile kucha inaota.”

Uji wa moto ulipanda kutoka chini, ukapasua utando. Vipande vilisukumana, na pale vilipogongana vikakunjamana ukingoni. Akatuambia kwamba hapa petu, zamani zisizohesabika, palikuwa bahari, na mawe ya chokaa aliyoyavunja baba yake yalilala chini ya maji yake. Nchi mbili zikasogeleana, zikabana, sakafu ya bahari ikakunjika. Maji ya moto yenye chumvi yakapita katika nyufa, yakaacha shaba, kobalti na urani. Sisi watoto wa wafanyakazi wa migodi tulikuwa tumezaliwa juu ya shaba, na mpaka siku ile hakuna aliyewahi kutueleza ilifikaje pale.

Wiki iliyofuata somo lilikuwa madola makubwa ya dunia. Na siku hiyohiyo akaja mkaguzi.

Jina lake lilikuwa Kitenge. Alivaa abakosi mpya, ile suti isiyo na tai iliyopendwa na serikali, na beji ya chama kifuani. Aliketi nyuma, akakunja miguu. Mama Henriette alichora ubaoni nchi mbili, Marekani na Urusi ya Kisovieti, akaeleza kwa nini zinaitwa madola makubwa: ukubwa wa ardhi, viwanda, jeshi, na bomu la atomiki. Akatwambia tufungue ramani ya kitabu. Afrika ilikuwa nyeupe, ina mishale tu inayotoka kwenda ng'ambo.

Camille, kama tulivyomwita nje ya darasa, akanyoosha mkono. Alikuwa ameketi mbele yangu, msichana mdogo wa umbo, asiyesema sana.

“Mwalimu,” alisema, “nkambo yangu alichimbaka Shinkolobwe. Alisema ile majiwe ya kwanza ya bomu ilitoka kule. Kama bomu njo inafanya inchi inakuwa kubwa, na jiwe ilitoka kwetu, juu ya nini siye hatuko mu ile ya kubwa?”

Nkambo kwetu ni babu, na jiwe alilolisema ni urani. Mwalimu mwingine angesema keti chini. Mama Henriette aliweka chaki mezani.

“Nkambo yako alisema kweli,” alijibu. “Ile majiwe ilitoka hapa, karibu na sisi. Walioichimba hawakuambiwa ni ya nini. Jiwe peke yake haifanye inchi kubwa, mutoto yangu. Inafanya kubwa ule mwenye kuibeba na kuamua kazi yake.”

Mkaguzi akasimama. “Nani alimufundisha huyu mutoto kuuliza vile?”

“Hakuna aliyemufundisha, Citoyen Inspecteur. Amefikiri.”

“Hii ni politique. Géographie ni mito na milima.”

“Na kilima cha Shinkolobwe?” mwalimu akauliza, bila kupandisha sauti. “Ile haiko kilima?”

“Haiko mu programme. Futa ubao. Halafu uandike kwamba Zaïre ni inchi kubwa kati ya zile kubwa, shauri ya chama na Kiongozi wake.”

Mama Henriette alibaki amesimama, mikono imening'inia. Mkaguzi alingoja. Alipoona hafuti, akaenda mwenyewe, akafuta kwa mkono wa koti lake jipya, likajaa chaki mpaka kwenye kiwiko. Hakuna hata mmoja wetu aliyecheka. Tulijua mtu wa namna ile akionekana mjinga, anayelipa ni mwingine.

Aliyelipa ni Camille. Kesho yake asubuhi alizuiwa langoni. Ilisemwa ametukana chama mbele ya mjumbe wa serikali. Msichana aliyeuliza swali la jiografia katika saa ya jiografia, akiwa amenyoosha mkono kama alivyofundishwa, akafukuzwa kama mwizi. Baba yake, Germain, alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba na aliishi katika nyumba ya kampuni. Alishikwa na hofu. Mama Henriette alipofika kwao mchana, alimkuta anamlazimisha binti yake ajifunze maneno ya kuomba msamaha.

“Mumuache,” alimwambia. “Ataomba musamaha ya nini?”

“Mama, weye unasema vile juu hauna batoto mu nyumba ya kampuni,” Germain alijibu, macho chini. “Bakinifukuza, nitalala na bantu yangu wapi?”

Baadaye Mama Henriette aliniambia kwamba swali lile lilimuuma kuliko yote ya mkaguzi. Mtu mzima, mwenye mikono iliyoyeyusha shaba miaka mingi, kuogopa kinywa cha mtoto wake.

Akaenda kwa préfet, mkuu wa shule yetu. Huyu aliitwa Constantin na waliokuwa wakimjua zamani, mzee mpole ambaye kila jambo alilitaka liishe kimya. Alifunga dirisha kwanza.

“Mama, mukaguzi anataka jina moja,” alisema. “Moja tu. Nikimurudisha mutoto, lazima nimupe yako. Kuko fasi moja Kapolowe, école primaire. Uombe mwenyewe uende. Itaonekana ni mapenzi yako.”

“Kwa hiyo nidanganye kwa mukono yangu.”

“Sijasema vile.”

“Umesema vile, Papa Constantin. Mu Kifaransa ama mu Kiswahili, umesema vile.”

Kisha Mama Henriette akatoa sharti lake. Hataweka sahihi kwenye barua ya kuomba uhamisho mpaka amwone Camille ameketi mahali pake. Préfet alisihi, akasema neno lake latosha. Alikataa.

Ndiyo sababu siku mbili baadaye tulimwona kupitia dirisha, amesimama kwenye baraza na karatasi mkononi, préfet kando yake akijifuta jasho. Camille aliingia, macho yamevimba, akaketi mbele yangu. Mama Henriette alihakikisha amefungua kitabu. Kisha akaiegemeza ile karatasi ukutani, akaweka sahihi palepale, akampa préfet bila kumtazama. Alipita dirisha letu akiwa amenyooka. Nilitaka kusimama nimuite. Camille ndiye aliyesimama, na benchi zima likasimama naye, halafu darasa lote. Mwalimu mpya, aliyekwisha kuwekwa darasani badala yake, hakujua tunasimama kwa ajili ya nani. Alitwambia tuketi, akatuandikisha mito. Mwaka mzima tulinakili mito.

Camille alimaliza, akapata diplôme yake. Leo anafundisha. Hilo watu hulisema kama faraja, mimi silioni hivyo. Ili msichana mmoja aketi kwenye benchi lake mwenyewe, mji mzima ulipoteza mwalimu bora uliokuwa naye, na mkaguzi akapandishwa cheo.

Kule Kapolowe, katika shule ya msingi, Mama Henriette alipewa ushonaji na katekisimu, jiografia hapana. Alinisimulia mwenyewe nilipokwenda kumtembelea. Watoto wa wakulima na wavuvi walikaa na sindano mkononi, naye akiwafundisha ushonaji. Mwezi wa tano mwaka 1978 vita viliwaka Kolwezi, mji wa migodi, waasi walipouvamia kutoka ng'ambo ya mpaka. Ndege nzito zikaanza kupita juu ya shule, zikielekea magharibi, mpaka mabati yakatetemeka. Watoto waliacha vitambaa wakauliza ni za nani.

Alijua kilichompata kwa swali la namna hiyo. Akachukua chaki. Akachora Afrika, akachora bahari, akachora Marekani, Ufaransa, Ubelgiji, na upande wa pili Urusi ya Kisovieti na Cuba. Akawaeleza nani anasemekana kumsaidia nani, na nini kiko chini ya ardhi ya Kolwezi kinachofanya watu watoke mbali hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkurugenzi wa shule, Joachim, mwanachama mwenye beji, baba wa watoto saba. Alitazama ubao. Mama Henriette hakuufuta.

“Banasikia mpaka njiani,” Joachim alisema.

“Basi basikie.”

Mkurugenzi akageuka, akatazama kiwanja, akaufunga mlango kwa ndani. Akavuta benchi dogo la watoto, akaketi, magoti yakamfika kidevuni.

“Hii ya kule,” aliuliza, akionyesha Cuba kwa kidole, “iko mbali gani na sisi?”