Soseji za Mzee Nyamatupu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Nyamatupu, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilitokana na ukelele wake wa kila asubuhi akifungua bucha: "Nyama tupu! Hapa ni nyama tupu!" Maneno hayohayo yalikuwa yamechorwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Kwa upande wa paja, mbavu na maini, yalikuwa kweli kabisa. Kwa upande wa soseji, tuseme tu kwamba bucha ile ilikuwa na chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli.

Humo ndani, nyuma ya mashine ya kusagia, mlikuwa na gunia la unga wa soya. Mambo yalianza mwaka nyama ilipopanda bei. Mzee alitia kiganja kimoja kwenye karai la nyama ya kusaga, akichungulia mlango kama mwizi. Wateja wakasema soseji zimekuwa laini. Kiganja kikawa kikombe, kikombe kikawa bakuli, na bakuli nalo likastaafu likaachia nafasi bakuli kubwa zaidi. Soya ilifyonza maji ikashika na mafuta, soseji ikatoka nono, haikunywea kwenye kikaango. Mama mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, mteja wake mkubwa, aliapa mbele za watu kwamba hajawahi kuonja nyama safi kama ile. Mzee alipokea sifa hizo akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayeonea haya wema wake mwenyewe.

Unga wenyewe aliununua duka la mbali, akimwambia muuzaji kwamba anafuga kuku. Kuku hakuwa naye hata mmoja.

Sasa mtu huyu ndiye aliyejaliwa binti mkulima wa soya. Binti alikuwa amevuna, ghala limejaa, na kichwa chake kimejaa zaidi ya ghala. Kila alipokuja bucha alikuja na habari mpya: soya inatoa maziwa, soya inatia mkate nguvu, mafuta yake yanapika na yanatengeneza sabuni. Mzee alimsikiliza huku akinoa kisu.

"Wauzie wafuga kuku," alimwambia. "Soya ni chakula cha kuku."

"Kuku kila mtu anawauzia, baba. Mimi nataka watu." Binti akaweka mkono juu ya kaunta ya vigae. "Nipe nusu ya hapa. Niuze soseji zangu, nyama nusu na soya nusu, na niandike hivyohivyo kwenye karatasi. Mtu anunue akijua."

"Iandikwe soya? Ndani ya bucha yangu? Nife kwanza!"

"Basi soya zangu nazihamisha, na mimi nahama nazo. Kuna mji utakaonipokea."

Alilisema bila hasira, na ndiyo maana lilimchoma mzee. Tangu afiwe na mkewe, binti huyu ndiye pekee aliyemwita baba. Angeondoka, mzee angebaki na wateja, na wateja humwita mtu jina la bidhaa.

Mama mgahawa, aliyekuwa akisubiri kilo zake za maini, akadakia. "Si muwape watu waonje tu? Sahani mbili, msituambie ipi ya nani. Zikishinda za mzee, binti afunge virago. Zikishinda za binti, mzee asogee."

Bucha ilikuwa imejaa, na watu wakapiga makofi. Mzee angekataa vipi? Mwenye nyama tupu anaogopa maharage? Akacheka kwa sauti kubwa, akakubali, huku jicho likimkimbilia kufuli la chumba cha nyuma.

Maana alijua lililo mbele yake. Sahani zile zingefanana ladha, na kuna ulimi mmoja utakaouliza kwa nini. Akafikiri sana, akapata dawa ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka: uaminifu. Asubuhi ya shindano alijifungia chumba cha nyuma, akaweka kwenye mashine nyama ya paja safi, mafuta kidogo, chumvi na pilipili manga. Gunia hakulitazama. Alijaza soseji zile akiimba. Alijisikia kijana, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alifungua bucha akatoa ukelele wake bila kukwepa macho ya mtu.

Soseji zikakaangwa palepale nje. Za binti zilitulia kwenye kikaango, zikang'aa. Za mzee zilianza kulia mafuta, zikajikunja, zikanywea mpaka zikawa kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Sahani nyeupe ikabeba za binti, ya buluu ikabeba za mzee, na hakuna aliyeambiwa.

Fundi cherehani alionja nyeupe akafumba macho. "Hii haina mjadala. Hii ni ya mzee, naijua tangu nina meno yote."

Mama mgahawa alionja ya buluu. Akatafuna, akatafuna tena, akatema kwenye leso.

"Binti yangu, usikasirike," alisema. "Hii soya yako ni kavu! Inakwaruza. Mtu ukishazoea nyama safi, ulimi haudanganyiki."

"Hiyo ni yangu!" mzee akapayuka. "Hiyo ni nyama tupu! Naapa!"

Watu wakamtazama kwa huruma. Alikuwa amewadanganya miaka yote wakamwamini, na leo aliposema kweli walimwona mzee anayemkingia kifua mwanawe. "Mapenzi ya mzazi hayo," fundi cherehani alisema, akachukua soseji nyingine kwenye sahani nyeupe.

Walipotawanyika, binti alibaki akipangusa kikaango. Mzee alikaa kwenye kigoda, aproni imelowa mafuta. Alitamani kukasirika, lakini hakuona wa kumkasirikia.

"Mimi sikutaka kukushinda, baba," binti alisema. "Nilitaka tu zifanane na zako. Zile za utotoni, alizotukaangia mama. Nilianza na soya kidogo, ladha ikakataa. Nikaongeza, ikakataa. Nilipofika nusu kwa nusu ndipo nikasema, hizi sasa ni za baba."

"Nusu?" Mzee akaruka kutoka kigodani. "Nusu! Haijawahi kufika nusu! Ni bakuli moja tu kwa ka—"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Nje mama mgahawa alikuwa akimsimulia mpita njia kuhusu nyama safi.

Binti hakucheka. Alikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya mizani.

"Ni bakuli gani, baba? Lile kubwa?"

Mzee aligeukia mlango wa chumba cha nyuma.

"Lile kubwa," alisema.

Kisha akaenda kwenye kaunta, akaanza kusogeza mbavu zake upande mmoja.