Zimwi Lililovaa Kanga ya Mama

Juzi nilikuwa Nyakato kwa binti yangu. Nilikuta wajukuu wamejipanga mbele ya televisheni mchana kweupe, mapazia wameyashusha, wanaangalia filamu ya kutisha. Jitu lenye kinyago lilikuwa linamfukuza msichana ghalani. Nikauliza mbona wanacheka badala ya kuogopa. Mjukuu wa kati akanijibu bila hata kugeuza shingo, "Bibi, hii ni sehemu ya tano. Huyu anakufaga kila sehemu halafu anarudi. Ngoja, sasa hivi taa itazimika." Taa ikazimika, wakaangua kicheko. Mkubwa wao akasema watengenezaji wameishiwa. Wangebadilisha mwisho, akasema, jitu lishinde hata mara moja, hapo ndipo watu wangetetemeka.

Nilinyanyuka nikatoka uani, nikajifanya naanua nguo. Mwenzangu, mimi niliwahi kubadilisha mwisho. Nilikuwa na miaka tisa.

Kwetu ni upande wa Butiama, na ninayokusimulia ni ya enzi za Mwingereza. Msimu wa pamba baba alikuwa anashinda Bunda kwenye kinu, akirudi mara moja moja na mafuta ya taa na sukari guru iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nyumbani tulibaki bibi, mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na miaka mitano. Mtama ulipoanza kukomaa, sisi watoto tulihamia shambani kuamia ndege. Kuanzia umande mpaka jua linazama tulikuwa juu ya ulingo, jukwaa la miti lililoezekwa nyasi, tukivuta kamba zilizofungwa madebe matupu pande zote za shamba. Ndege wakishuka unavuta kamba, unapiga kelele, unachomeka donge la udongo kwenye ufito na kulirusha. Wale kwelea-kwelea wenye midomo myekundu hawana utani. Ukisinzia muda wa kumenya kiazi, wameshapukutisha kona nzima, na ugali wa mwaka mzima ndio huo umeruka angani.

Bado nasikia harufu ya ule ulingo: nyasi zilizochomwa na jua, na uji wa ulezi ulioanza kuchachuka ndani ya kibuyu. Adhuhuri mama alikuwa anakuja na chakula kichwani, viazi na maziwa ya mgando. Alikuwa anatuita kuanzia mbali kwa sauti nyembamba, majina yetu yote mawili kwa pumzi moja, na mdogo wangu alikuwa anateremka ulingo kama kima kumkimbilia. Alikuwa anamkumbatia miguu mpaka mama anayumba na chungu. Nisamehe kama narudia, ila mapokezi yale siyasahau.

Shida ilikuwa mdogo wangu kusinzia. Mtu mmoja hawezi kuvuta kamba zote, na mimi nikiwa upande huu ndege walishuka upande ule. Nilimpiga kofi, akalia, akasinzia tena. Nilimpa vipande vyangu vya viazi, akala, akasinzia zaidi. Ndipo nikakumbuka zimwi la bibi.

Bibi alikuwa na hadithi moja tu, ukiniuliza, ila aliisimulia miaka na miaka jioni tukipukuchua mtama. Zimwi linakuja nyumbani kwa watu, linabisha mara tatu, linaimba, linameza kila mtu na ng'ombe wake. Mwisho mtoto mdogo kuliko wote analikata kidole cha mwisho, na watu wote wanatoka wazima, wengine bado wameshika vijiko vyao. Kesho yake zimwi lilirudi kana kwamba halikufa jana. Tulijua kila neno, na bado tulisogeleana. Nimefikiri sana alikuwa anafanyaje. Alikuwa anagusa kitu kidogo tu: leo zimwi limekuja wakati wa mvua, leo limekuta chungu jikoni kinatokota, leo mbwa hakubweka. Kidole hakukigusa kamwe. Na alituonya kwamba hadithi haisimuliwi jua likiwa juu, kwa sababu mchana watoto hawana mtu mzima wa kuimalizia. Niliona ni mambo ya wazee tu.

Nikaanza kumsimulia mdogo wangu mchana, kule juu. Siku ya kwanza hakufumba jicho. Alipiga kelele za ndege na za zimwi kwa pamoja, na mtama wetu ulipona. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne akaanza kunitangulia. "Sasa litabisha. Sasa litaimba. Sasa kidole." Akalala. Nikaliongezea zimwi macho, yakawa matano. Nikalipa pembe, nikalipa mkia wa mamba. Akanitazama kwa huruma, mtoto wa miaka mitano, akasema, "Dada, hata likiwa na macho kumi, si linakufaga tu?"

Nilikasirika. Kwanza kwa sababu alikuwa amesema kweli, pili kwa sababu siku hiyo ndege walikuwa wamekula mistari miwili mizima na bibi alikuwa ameona. Asubuhi iliyofuata nikapanda ulingo na zimwi jipya. Nilimwambia hili halina pembe wala mkia. Limemkuta mama njiani, limemmeza, limevaa kanga yake. Linajua majina yetu. Linaleta viazi. Utalitambua kwa sauti tu, maana koo lake ni bovu, linakwaruza. Wakalikata kidole, nikasema, na hakutoka mtu.

"Hakutoka mtu?"

"Hakutoka."

"Hata mama?"

"Hata mama."

Alikaa macho asubuhi nzima. Nilijisikia fundi kuliko bibi. Nakuambia ukweli, nilifurahi.

Sasa sikia kilichonikuta. Usiku wa jana yake mama alikuwa amekohoa sana, na mimi sikutilia maanani. Adhuhuri ilipofika tuliona kanga yake ikija kati ya mtama, chungu kichwani. Akafungua kinywa kutuita, na sauti haikuwa ile. Ilitoka imekauka, inakwaruza, majina yetu yote mawili.

Mdogo wangu alijirusha kutoka ulingoni upande wa pili, akaanguka, akainuka, akapotelea kwenye mtama. Mama akatupa chungu akamkimbilia kumsaidia, akimwita kwa sauti ile ile, na kila alivyoita ndivyo mtoto alivyozidi kukimbia. Mimi nilikuwa juu, naona mabua yanavyotikisika, mstari wa mbele na mstari wa nyuma. Kamba nilikuwa bado nimeishika, na ndege wakashuka shamba zima.

Alipatikana kwa jirani yetu mhunzi, amejibanza nyuma ya mivukuto. Tangu siku hiyo hakupokea kitu mkononi mwa mama. Si ugali, si maziwa, wala maji. Akiguswa na mama alikuwa anakakamaa. Mama alipona kikohozi baada ya siku nne, sauti yake ikarudi nyembamba kama zamani, lakini haikusaidia. Mtoto alikuwa anakula kwa bibi, tena kidogo, jicho likiwa mlangoni. Akakonda mpaka shingo ikabaki mshipa.

Nilihangaika kuirekebisha. Nilimpeleka nyuma ya ghala nikamsimulia zimwi lingine, sehemu ya mwisho kabisa, nikasema walikosea kidole, kumbe kilikuwa cha mkono wa kushoto, wamekikata na mama ametoka mzima, huyu ndiye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninong'oneza, "Unasemaga hivyo kwa sababu linakusikia." Nikaapa. Nikalia mbele yake. Akanifuta machozi, akaniambia ninyamaze lisije likajua kwamba tunajua.

Kwa nini sikumwambia mtu mzima? Niliogopa fimbo, bila shaka, lakini zaidi niliogopa kwamba nimevunja katazo la bibi na kwamba kweli nimemfanyia mama kitu. Kila siku nilisema kesho. Na wakubwa nao walikuwa wameshapata maelezo yao. Kwetu mtoto akikataa titi au chakula bila ugonjwa, wazee wanatafuta ni nani katika waliotangulia anayedai mtoto apewe jina lake. Walitaja majina mbele yake, moja baada ya jingine, wakimtazama. Lilipotajwa la babu mzaa baba aliyezikwa Mugango, mtoto akachukua kipande cha ugali. Alikuwa na njaa tu, na ugali ulikuwa umeletwa na bibi. Mimi niliona. Wao waliona babu.

Basi akapewa jina la babu, na mwenye jina ilibidi akakae kwenye mji wa babu, kule Mugango. Shangazi aliyeishi huko akaja kumchukua. Mama alimfungia kanga yake mpya ya kulalia, shangazi akaibeba yeye kwa sababu mtoto hakutaka kuigusa. Mama alisimama njiani mpaka hawaonekani. Hakulia. Alirudi akachukua jembe, ingawa siku hiyo haikuwa na cha kulima.

Kule Mugango mtoto alinenepa, kwa furu na ningu, samaki wa ziwani, na kwa shangazi aliyempenda. Sikukuu alikuwa anakuja kwetu kama mgeni, anamwamkia mama kwa adabu, anakaa karibu na mlango. Mama alikuwa anampikia kuku. Yeye alikuwa anadokoa tu.

Utauliza kama nilimwambia mdogo wangu tulipokuwa watu wazima. Nilimwambia. Alikuwa fundi cherehani mjini Musoma, ana watoto wake, mtu mcheshi. Nilimweleza yote, ulingo, kanga, koo bovu. Aliacha kushona akanitazama. "Dada, mimi sikumbukagi zimwi lolote," akasema. "Nakumbuka tu kwamba nikimwona mama, tumbo linajifunga. Nikajua ndivyo nilivyozaliwa." Nilimwomba aende kwa mama. Akaenda, akapeleka sukari na kitenge, akarudi jioni ile ile. Alisema alijaribu.

Siku hizi bonde lile limejengwa nyumba za bati. Mtama hawalimi, na mtoto ukimwambia habari ya kushinda ulingoni atadhani unamtania. Furu wa Mugango ninaowakumbuka, wale wa kutungwa kwenye ujani, ni wa kubahatisha. Hadithi ya bibi nayo sijaisimulia tena kwa mtu. Wajukuu wameniomba, nikasema nimesahau. Nikiwasikia wanalalamika kwamba jitu linakufa kila mara kwa namna ile ile, natamani kuwaambia waliache life, walishukuru kwa kufa, ila ningeanzia wapi?

Mama aliishi sana. Mwaka wake wa mwisho nilikuwa namkanda miguu kwa maji ya moto, akaniuliza ghafla, kama mtu aliyekuwa anakusanya nguvu tangu zamani. "Wewe ulikuwa naye kule juu siku ile. Mwanangu aliona nini kwangu?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na miaka sitini kasoro, na mbele yangu alikuwa yeye, mzima, anasubiri. Nilimwambia, "Sijui, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, akanipapasa mkono. "Usijisumbue. Ulikuwaga mtoto, ungejuaje? Ni mimi tu. Kuna kitu nilimfanyia, sikikumbuki."

Tulimzika kabla ya mvua, bado anakitafuta.