Chaneli ya Mzee Taisto

Mzee Taisto hakupata kutoka nje bila kwanza kuchungulia kwenye kitundu cha mlango wake. Akiona jirani ngazini, husubiri mpaka apite. Si kiburi, pale Kemi, mji wa kaskazini kwenye baridi, ndivyo watu wanavyostahiana. Kwa miaka yote waliyopakana ukuta, jirani yake Outi alimjua zaidi kwa kikohozi kuliko kwa sura.

Mchana ule wa dhoruba ya theluji, sauti ya mzee ilivuka ukuta.

"Irja! Usilie, mke wangu. Ni mimi. Unaniona?"

Outi aliacha kazi ya ofisi aliyokuwa akiifanya nyumbani. Habari alikuwa amezipata kwa muuza duka wa chini: mke wa mzee amelazwa hospitali ya mji wa Oulu, kumbukumbu zimemtoka, na leo anapasuliwa moyo. Barabara zimefungwa. Sauti ya mumewe haimtulizi. Mpaka auone uso wake. Asipouona sasa ataingia chumba cha upasuaji na hofu yake, na huenda asitoke.

"Picha imeganda tena, baba," muuguzi alisikika simuni, maana mzee, kwa uziwi wake, alifungulia sauti yote. "Fanya haraka, wanakuja kumchukua."

Outi alitazama kwenye simu yake programu inayoonyesha mitandao ya jirani. Ruta yake na ya mzee, vile visanduku vya intaneti, zilikuwa zinagombania chaneli moja ya mawimbi, ya kumi na moja, naye tangu asubuhi alikuwa akituma michoro mizito ya ofisini. Aibu ikamshika. Kugonga mlango wa mtu hakukumjia akilini. Alihamia chaneli ya sita kimyakimya.

Mtandao wa mzee nao ukatoweka, kisha ukarudi. Ya sita.

Akahamia ya kwanza. Wa mzee ukatoweka, ukarudi. Ya kwanza.

"Irja? Irja!"

Hapo ndipo alipoelewa. Mzee naye alikuwa na orodha ileile mkononi, naye alikuwa anampisha. Na kila alipompisha, alijikatia simu mwenyewe.

Outi alitoka mbio, akabonyeza kengele ya jirani. Nyayo zilikuja, zikasimama nyuma ya mlango. Akapiga magoti, akainua kifuniko cha upenyo wa kutumbukizia barua mlangoni.

"Mzee Taisto, ni mimi, Outi wa hapa ubavuni! Acha kuhama!"

"Nakupisha, binti. Una kazi zako."

"Kazi gani! Mimi nakupisha wewe! Tunagongana vichwa kama mbuzi!"

"Ee Mungu wangu. Basi niende wapi?"

"Usiende popote! Kaa hapo kwenye ya kwanza, usiguse kitu. Mimi narudi kumi na moja. Nenda kwa mkeo!"

Alirudi, akabonyeza kumi na moja, akaegemeza paji la uso ukutani. Upande wa pili, hakuna kitu. Hata kikohozi. Halafu mtu akacheka, kicheko chembamba kutoka simuni, na hakuwa mzee.

Irja hakuamka baada ya upasuaji.

Theluji ilipoyeyuka, Taisto alihamia kwa mwanawe, mji wa Turku. Outi alimkuta ngazini na sanduku lake. Alitaka kumpa pole, akajikuta anamshikia mlango tu. Mzee alimtazama kidogo, akavaa kofia.

"Siku ile Irja alinicheka nywele, binti," alisema. "Akaniambia nikazichane kabla madaktari hawajaniona."